Habari ya Cheri

Binti yangu Kalina ameniletea bomba la kadibodi,
amelichonga mianya minane kwa kisu cha kukatia zulia,
akalisimamisha juu ya gramafoni ya marehemu mamaye
na ndani yake akaning'iniza balbu ya wati sitini.
"Mizunguko sabini na minane kwa dakika," anasema,
"zidisha kwa nane, gawa kwa sitini.
Mimweko kumi na chembe kila sekunde, Baba.
Ubongo una mawimbi yake. Ukiupigia mdundo huu
huanza kuufuata, kama mguu unavyofuata ngoma bila kuombwa."

Halafu, kwa sauti ya karani wa hospitali:
"Umewahi kuanguka kifafa?"
"Mimi? Hapana."
Haulizi zaidi. Simwambii zaidi.

Miaka thelathini na sita nilikaa gizani kwa ujira,
chumba cha projekta, sinema ya mtaa wa Bałuty,
picha ishirini na nne kila sekunde,
na kati ya picha na picha kizibo kinapita:
giza.
Watazamaji hawakulijua. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu,
wasilijue.
Nusu ya kila busu, nusu ya kila vita
waliitazama gizani wakidhani wanaona.
Taa ikipepesa walipiga miluzi, wakanitukania mama,
nami nikaikaza.
Leo mwanangu anataka ipepese
ili nipumzike.

"Fumba macho. Hii haitazamwi kwa macho yaliyo wazi."

Nafumba.
Kwanza wekundu, wa damu yangu mwenyewe.
Kisha wekundu unavunjika vigae vya buluu,
kisha nyavu, masega ya nyuki, zulia linalojifuma
na kujifumua kabla sijaishika nakshi yake.
Hakuna aliyeipiga picha hii. Hakuna mkanda wa kubadilisha.
Mabega yanashuka. Taya linaachia
neno ambalo sikujua nimelibana.
Pumzi inaingia na kutoka
kwa mwendo wa mtu asiye na deni.

Na hapo, bila hodi, inaingia mipopla.

Kiangazi. Tramu ya kwenda Pabianice,
jua limeinama upande wa kulia,
mti, jua, mti, jua, mti,
mimi na miaka yangu saba, shavu kwenye kioo,
nimelegea, natabasamu, sitaki tufike.
Kando yangu dada yangu Otylia, miaka kumi na mmoja,
kikapu cha cheri magotini.
Mti, jua, mti, jua.
Nilizisikia cheri zikimwagika kabla sijamsikia yeye.
Konda alimshika kichwa. Mtu fulani alikuwa akitafuta kijiko.
Mimi niliendelea kutazama dirishani
kwa sababu kulikuwa kuzuri.
Sentensi hiyo sijapata kumwambia mtu.

Mwanga ule ule: mmoja wetu ulimbembeleza,
mwingine ukamtupa chini,
na hakuna aliyetuuliza kwanza swali la karani.

Aliishi hadi hamsini na minne.
Hakuwahi kukanyaga sinema yangu.
Jumapili, zamu ikiisha, nilimkuta ng'ambo ya barabara
na mkate umefungwa gazetini,
ameyapa mgongo mataa ya tangazo.
"Filamu ilikuwaje?" aliuliza kila mara,
na kila mara nilimsimulia yote, hata majina ya farasi.

Kalina anazima gramafoni. Balbu ameiacha.
"Umeona nini?"
"Nyavu," nasema. "Rangi."

Bomba bado linazunguka, sasa kwa uvivu,
mimweko minane, mitano, miwili,
mpaka mwanga unakuwa mwanga na giza linakuwa giza,
kimoja baada ya kingine ukutani,
polepole kiasi cha kuhesabika.

"Usiondoke," namwambia.
"Weka maji ya chai.
Kuna habari ya cheri."